Bomba la Mafuta katika Ardhi ya Makueni

Bomba la kwanza la kusafirisha mafuta yaliyosafishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978 chini ya shirika la Kenya Pipeline, lilikuwa na kipenyo cha inchi 14 na urefu wa kilomita 450 hivi. Lilipita Makueni, ambako Mtito Andei na Sultan Hamud palijengwa vituo vya kusukumia mafuta, yaani mahali ambapo pampu huyaongezea mafuta nguvu ili yapande kutoka pwani hadi nyanda za juu.

Katika utoto wa mwandishi, aliyekulia ukanda huo, bomba lilijulikana kwa vibao vya onyo na kwa utepe wa ardhi iliyofyekwa, ambako wenyeji walikatazwa kujenga au kupanda miti, kwa kuwa misingi na mizizi huchubua utando unaokinga chuma dhidi ya unyevu. Watoto walikatiza hapo wakienda kuchota maji, na wazee waliamini kwamba kilichokwisha kufukiwa na Serikali hakihitaji tena kuangaliwa.

Lakini chuma kilichofukiwa huliwa na kutu. Ndiyo maana, pamoja na utando huo, hupitishiwa mkondo hafifu wa umeme unaopunguza kasi ya kutu, na mara kwa mara hutiwa ndani yake chombo chenye vihisi, ambacho husukumwa na mafuta yenyewe huku kikipima unene wa ukuta wa bomba. Mitambo ya chumba cha udhibiti nayo hulinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka. Hata hivyo tundu dogo laweza kuvujisha kidogo kidogo kwa muda mrefu bila kugunduliwa, kwa sababu kinachopotea ni kidogo kuliko tofauti ya kawaida ya vipimo. Katika hali hiyo, mchota maji anayesikia harufu ya petroli huenda akatangulia mitambo yote.

Mwezi Mei 2015, bomba likiwa na umri wa miaka 37, uvujaji uligunduliwa Thange, karibu na Kibwezi. Mafuta yaliingia katika mto ambao wakazi waliutegemea kwa maji ya nyumbani, mifugo na bustani za mboga, na ambao humwaga maji yake katika mto Athi, mpaka wa Makueni na Kitui. Bomba jipya la inchi 20 lilianza kazi mwaka 2018. Mwaka uliofuata mafuta yalivuja tena, safari hii Kiboko, papo hapo Makueni, ishara kwamba upya wa bomba pekee hautoshi.

Kilichobadilika zaidi ni namna wenyeji wanavyolitazama bomba. Julai 2025, baada ya miaka kumi, mahakama ya mazingira na ardhi ya Makueni iliwaamulia wakazi wa Thange fidia ya takriban shilingi bilioni 3.8, na tangu hapo matengenezo ya bomba hayawezi kuhesabiwa kuwa siri ya mafundi. Mwandishi anashikilia kwamba matokeo ya kila ukaguzi, pamoja na sehemu ambazo ukuta wa bomba umepungua unene, yanapaswa kusomwa katika mabaraza ya machifu kutoka Mtito Andei hadi Sultan Hamud, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kabla ya mafuta kufika mtoni.