Nani Aliyeikwaruza Diski?

Huu ni mwaka wangu wa pili tangu nikabidhiwe ufunguo wa chumba cha michezo cha shule yetu. Wanafunzi wenzangu wanakijua vema chumba hicho, lakini kwa ajili ya ndugu zetu waliokwisha maliza masomo yao hapa, yafaa nieleze kidogo. Zamani humo mlikuwa na bao la drafti, meza moja ya mpira wa meza, na redio. Mwaka 2023 baadhi ya wanafunzi wa zamani wanaofanya kazi Kampala walichanga fedha wakatuletea televisheni, mashine moja ya michezo ya video iliyokwisha tumika, na diski 12. Jina la mashine hiyo sitalitaja, maana shabaha yangu si kuishitaki kampuni yo yote.

Katika diski zile 12, leo zinazocheza ni 7. Tano zimekufa kwa mikwaruzo. Nami nasema kweli kwamba hasara ya diski si jambo lililonisumbua zaidi. Lililonisumbua ni kwamba kila diski iliyokufa iliacha kesi nyuma yake, na katika kila kesi mshitakiwa alikuwa mtoto wa Kidato cha Kwanza.

Sababu yake ni rahisi. Jumamosi jioni wakubwa hucheza kwanza, na wadogo hupewa saa ya mwisho kabla ya kengele ya kulala. Kanuni ya zamani ilisema kwamba diski ikikataa kusomwa, atalipa yule aliyeishika mwisho. Basi aliyeishika mwisho ni nani? Ni yule mdogo siku zote. Na bei ya diski moja yatosha kumnunulia mwanafunzi sabuni na sukari ya muhula mzima.

Nikaona kwamba kabla ya kuuliza nani alipe, sharti tujue kwanza diski hukwaruzwaje. Nimesoma, nimewauliza walimu, na nimezitazama diski zetu moja moja chini ya taa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Diski ni sahani ya plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Upana wake ni milimeta 120, na unene wake ni milimeta 1.2 tu. Ndani yake mna ngozi nyembamba ya madini inayong'aa, na habari zote za mchezo zimeandikwa kwa vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vishimo hivyo vimepangwa katika mstari mmoja mrefu unaozunguka na kuzunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama vile kikapu kinavyosukwa kuanzia kitovuni. Mashine huizungusha sahani hiyo maelfu ya mara kwa dakika, na mwale wa leza huusoma mstari kutoka chini kwa kupitia lenzi ndogo.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Lenzi haiigusi diski hata kidogo. Sindano ya santuri za zamani ilitembea juu ya sahani na kuila polepole, lakini leza ni mwanga tu, nao mwanga haukwaruzi. Mchezo waweza kuchezwa mara elfu bila kuacha alama. Lakini nafasi iliyopo kati ya lenzi na diski ni ndogo sana, ya milimeta moja au mbili tu. Kwa hiyo mambo yakienda sawa hapana hatari, na yakienda kombo kidogo tu, sahani inayozunguka kwa kasi hugusa kitu kigumu. Tendo la nukta moja huharibu mchezo mzima.

Basi diski ina maadui wawili, mkono wa mtu na mashine yenyewe. Kila mmoja huacha alama yake, nazo alama hizo hazifanani.

Mkono huacha mistari iliyotawanyika. Diski ikiwekwa juu ya meza yenye mchanga, au ikisuguliwa kwa shati, utaona nyuzi nyingi fupi, moja imekwenda huku na nyingine kule, kama nyayo za kuku uwanjani. Mashine huacha pete. Ni duara moja kamili, au kipande cha duara, lililozunguka tundu la katikati kana kwamba limechorwa kwa bikari. Hakuna mtoto awezaye kuchora duara kama lile kwa ukucha, hata akitaka.

Tena pete ndiyo mbaya zaidi, na sababu yake ni hii. Diski hazikutengenezwa bila kinga. Mwaka 1960 wataalamu wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, walitoa hesabu za kusahihisha makosa, na hesabu hizo ndizo zinazotumika katika CD na DVD. Kwa hesabu hizo CD yaweza kujijazia pengo la mstari wake lenye urefu wa karibu milimeta 2.5, wala mchezaji asijue. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni huukata mstari mara nyingi, lakini kila mara huacha pengo dogo tu, na hesabu hulijaza. Pete hulala juu ya mstari na kufuatana nao njia nzima. Pengo lake huwa refu, na hesabu zikashindwa.

Muhula wa pili wa mwaka 2024 elimu hii ilipata kazi. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza aliletwa mbele ya viranja kwa sababu ya diski ya kandanda, ambayo ndiyo ipendwayo kuliko zote. Ilikuwa imekataa kusomwa mikononi mwake, na hukumu ikatolewa kwamba alipe. Mtoto hakubishana. Alikuwa amekwisha omba ruhusa ya kumpigia simu mama yake, ambaye huuza ndizi sokoni, ili amweleze kwamba zinatakiwa fedha zaidi.

Niliiomba diski ile nikaigeuza chini ya taa. Mistari midogo ya mikono ilikuwapo, lakini ilikuwa michache na hafifu. Juu yake palikuwa na pete moja nyeupe, nene, imezunguka duara zima. Nikawaonyesha viranja. Baadhi yao walisema kwamba pete si ushahidi, maana mashine ilikuwa ileile kwa wote, na ilikuwa imetulia mezani.

Tukampelekea neno Mwalimu wa Fizikia, naye akaja na gurudumu la baiskeli. Alimwambia kiranja mmoja alishike kwa misumari yake miwili ya katikati, akalizungusha kwa nguvu, kisha akamwamuru aliinamishe upande. Gurudumu lilimkatalia. Lilimvuta mikono kwa upande asioutazamia, hata wote tukacheka. Mwalimu akasema, "Kitu kizungukacho kwa kasi hakipendi kugeuzwa." Diski nayo ni vivyo hivyo. Ukiiinamisha mashine wakati diski inazunguka, mashine huinama lakini diski hubaki nyuma, ikagusa kiota cha lenzi au ukingo wa sinia lake. Pete hupatikana papo hapo.

Swali likabaki moja tu, nani aliyeiinamisha mashine jioni ile? Majibu hayakuchelewa. Wakati wa zamu ya wakubwa, mchezo ukiendelea, meza ilivutwa ili waliokaa nyuma waone televisheni vizuri, na mashine ikapinduka nusu, ikadakwa isianguke. Walioivuta meza hawakuwa na nia mbaya, wala hawakujua kwamba wameua kitu. Lakini waliokuwa wakicheza waliona picha imekwama, wakaitoa diski, wakaweka nyingine. Saa moja baadaye mtoto yule akaichagua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hukumu ilifutwa usiku uleule, na simu ya kwenda sokoni haikupigwa. Viranja walikubaliana kwamba tangu siku ile hatalipishwa mtu kabla diski haijatazamwa, na kwamba alama ya pete haitahesabiwa kuwa deni la aliyeshika mwisho.

Msidhani kwamba ubishi huu ni wetu peke yetu. Kule Marekani baadhi ya wenye mashine ya Xbox 360, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, na ambayo si aina ile yetu, walikwenda mahakamani wakidai kwamba mashine hiyo hukwaruza diski katika matumizi ya kawaida. Kampuni ya Microsoft ilikana. Shauri moja la namna hiyo lilifika hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, ambayo iliamua mwaka 2017 juu ya utaratibu wa rufani tu, wala haikusema nani ndiye mkwaruzaji. Ikiwa watu wazima wenye mawakili wamepelekana umbali huo, si ajabu sisi kukosana kwa diski moja ya kandanda.

Sasa nitoe mashauri, nikianza na lililo kubwa.

Kwanza, mashine isiguswe diski inapozunguka. Isiinuliwe, isigeuzwe, wala meza yake isivutwe. Atakaye kuihamisha atoe diski kwanza. Na hapa kwetu, ambako umeme hukatika bila kubisha hodi, yapasa kukumbuka kwamba umeme ukikatika diski haisimami mara moja. Huendelea kuzunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda mfupi. Basi giza likiingia, kaeni mhesabu hadi 30 kabla ya kuigusa mashine.

Pili, mashine ilazwe chali mahali imara. Aina nyingi zaweza kusimamishwa wima, lakini iliyosimama huangushwa na waya mmoja tu uliokanyagwa. Isiwekwe juu ya godoro wala mto, maana huyumba na kukosa hewa.

Tatu, vumbi. Katika miezi ya kiangazi, vumbi jekundu la barabara yetu huingia hata katika daftari lililofungwa. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko plastiki ya diski. Mashine ifunikwe kwa kitambaa safi baada ya kuzimwa na kupoa, na mikono ioshwe kabla ya kucheza.

Nne, diski ishikwe ukingoni na tunduni, na ikitolewa mchezoni irudi katika kasha lake. Isiwekwe juu ya nyingine. Wala msidhani kwamba upande wenye picha hauna hatari. Katika CD, habari zimelala chini ya rangi hiyo hasa, zimefunikwa na varnishi nyembamba tu. Katika DVD zimo katikati, kati ya vipande viwili vya milimeta 0.6. Katika Blu-ray zipo milimeta 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, ndiyo sababu upande huo umepakwa ngozi ngumu.

Tano, pete ikionekana na hakuna aliyeitikisa mashine, mashine yenyewe yaweza kuwa mgonjwa. Chukua diski isiyo na thamani, iliyo safi, icheze kidogo, itoe, uitazame chini ya taa. Ikirudi na pete, funga chumba, umwite fundi. Usijaribu kwa diski nyingine nzuri.

Kuhusu matibabu, sina mengi. Diski chafu ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba chenye maji na sabuni kidogo. Ifutwe kwa mstari ulionyoka, kutoka tunduni kwenda ukingoni, wala isifutwe kwa kuzungusha, na sababu yake mmekwisha iona. Petroli na dawa za kuondolea rangi zisikaribie, maana huila plastiki. Wako wanaosugua diski kwa dawa ya meno. Mkwaruzo mwembamba wa CD au DVD huweza kulainishwa hivyo, maana dawa ile ina unga unaosugua. Lakini pete nene haiponi, na Blu-ray huharibika zaidi kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba. Kinga ni bora kuliko tiba.

Najua baadhi ya wanafunzi wa zamani watasema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Mashine zilizotoka tangu mwaka 2013, kama PlayStation 4 na Xbox One, hunakili mchezo ndani yake, na diski huwa kama hati ya kuonyesha mlangoni tu. Nyingine, kama ile aina ya PlayStation 5 ya mwaka 2020 isiyo na mlango wa diski, hupokea mchezo kwa njia ya intaneti. Ni kweli. Lakini intaneti yataka fedha kila siku, na mchezo ulionunuliwa kwa njia hiyo hauazimwi. Diski tuliyo nayo imelipiwa mara moja. Bweni hili huweza kuliazima bweni lile, na watakaokuja baada yetu wataicheza, nasi tumekwisha ondoka.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wenzangu watakaoupokea ufunguo huu baada yangu walinde vitu viwili, diski 7 zilizobaki na jina la mtoto anayecheza mwisho. Daftari la chumba lipo karibu na televisheni. Kila diski inatazamwa chini ya taa inapotoka na inaporudi, na alama zake zinaandikwa. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Na ndugu zetu wa Kampala, mkipata diski msizozihitaji tena, zileteni. Tutazipokea kwa mikono iliyooshwa.