Safari ya Ushongo na Ahadi Iliyokaa Njiani

Mwezi wa Shaabani mwaka 1446, ulioangukia Februari 2025, tulifunga safari kutoka mjini Tanga kwenda Ushongo, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mto Pangani. Haja yetu ilikuwa kupeleka mabati, saruji na mbao za kuezekea chuo cha watoto kabla Ramadhani haijaingia. Ndugu mmoja mfanya biashara, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alitupa lori lake lichukue mizigo ile bila ujira. Lori lenyewe lilikuwa jipya, halijatimiza miezi saba tangu linunuliwe, na viti vyake vilikuwa vingali vimevikwa nailoni. Tulipoliona tulifurahi, tukajiambia kuwa siku hiyo tutasafiri kwa raha.

Ndani ya gari tulikuwa watatu: dereva, utingo wake, na mwandishi wa habari hizi. Dereva ni kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Alituamkia, "Shikamoo, Maalim," akatufungulia mlango, lakini tulipokwisha kaa alitutazama kwa haya, akasema: "Utanisamehe, Maalim. Kiyoyozi hakifanyi kazi. Huu mwezi wa nne sasa."

Tukamjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu waalimu: "Subiri, mwanangu. Subira yavuta kheri." Maneno hayo hayakutugharimu kitu. Wasomaji wetu na wayaweke akilini, maana tutayarudia.

Kutoka Tanga hadi Pangani ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Februari ni mwezi wa kaskazi, na kila mkazi wa Mrima alijua joto lake. Lori la namna ile injini yake i chini ya kibanda cha dereva, na mbele lina kioo kipana kama dirisha la duka. Basi moto hupanda kutoka chini, na jua hupiga kutoka mbele. Tukifunga madirisha, tulikuwa kama mikate ndani ya tanuri. Tukiyafungua mahali ambapo barabara ilikuwa haijatiwa lami, vumbi la magari yaliyotutangulia liliingia likatujaa machoni na kifuani. Dereva alikuwa na taulo shingoni, akijifuta uso kila mara kwa mkono mmoja. Tulihesabu, kabla hatujafika Pangani alikuwa amekwisha kunywa chupa tatu za maji, nayo yalikuwa moto kama ya kuogea.

Pangani ni mji mkongwe. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka hapa kwenda bara, na hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwezi wa Desemba 1889, baada ya kupigana nao. Siku ile tuliona nguzo za daraja jipya zikipandishwa mtoni, lakini magari yalikuwa yangali yakivushwa kwa pantoni. Tukapanga mstari kungoja zamu yetu. Saa nzima tuliketi juani pasipo upepo, injini chini yetu ikitokota.

Zamu yetu ilipofika, gari lilianza kuteremka kwenda pantonini, na mbele yetu kulikuwa na pikipiki iliyompakia mama mwenye mtoto mgongoni. Mara tukasikia utingo akipiga kelele. Dereva alishituka kama mtu aliyeamshwa usingizini, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mabati yalirindima nyuma. Gari lilisimama hatua mbili tu kutoka pikipiki ile. Yule mama aligeuka, akatutazama, asiseme neno.

Tulipovuka tukafika Bweni, tulimwamuru dereva aweke gari chini ya mwembe. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Alisema kichwa kilikuwa kikimwuma tangu nusu ya njia, na pale mtelemkoni macho yaliingia kiza. Hizo ni dalili za mtu aliyezidiwa na joto, na mtu wa namna hiyo hafai kushika usukani. Apumzishwe kivulini, alegezwe nguo, apigwe maji ya baridi mwilini na kunyweshwa kidogo kidogo. Tukamfanyia hivyo. Alipopata nafuu alitusimulia kisa cha gari lake.

Gari lilinunuliwa pamoja na karatasi ya dhamana. Mwezi wa tatu kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Fundi wa muuzaji akaja, akajaza gesi, akaenda zake. Baada ya siku kumi baridi ikatoweka tena. Aliporudi alisema kompresa ina kasoro ya kiwandani, na nyingine haipo Tanga wala Dar es Salaam, mpaka iagizwe ng'ambo. "Tangu hapo, Maalim, kila tukiuliza twaambiwa spea iko njiani."

Tukamwuliza: "Kwani Tanga hamna mafundi?"

"Wamo, tena hodari. Lakini karatasi yasema akikigusa fundi wa nje, dhamana imevunjika."

Msomaji asiyekijua kiyoyozi na autazame mtungi wa maji uliomo nyumbani kwake. Mtungi wa udongo hutokwa na jasho. Jasho lile linapokauka na kuwa mvuke huchukua joto la mtungi, ndipo maji ya ndani yakapoa. Kiyoyozi hufuata kanuni hiyo hiyo. Ndani ya mabomba yake mna gesi maalumu. Kompresa, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi mpaka ikawa moto, ikapelekwa mbele ya gari katika wavu wa mabomba membamba upigwao na upepo. Hapo hutoa joto lake, ikageuka majimaji. Kisha hupenyezwa katika tundu dogo, ikaingia wavu wa pili ulio nyuma ya dashibodi. Huko hugeuka gesi tena, na katika kugeuka huchukua joto la hewa, kama jasho la mtungi. Feni huipuliza hewa iliyopoa ikamfikia dereva. Mtikiso wa barabara mbovu hulegeza maungio, chumvi ya pwani hula wavu wa mbele, na vumbi huuziba. Kujaza gesi bila kutafuta ilipovujia ni sawa na kujaza mtungi wenye ufa.

Wako watu wanaodhani chombo hiki ni anasa. Sivyo kilivyoanza. Mmarekani Willis Carrier alikitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi. Kilikuwa chombo cha kazi tangu mwanzo. Na ikiwa karatasi iliwekewa hewa ya kufaa, mwanadamu mwenye tani kadhaa za mizigo mgongoni pake na roho za watu mbele yake astahili zaidi.

Ama kungoja vitu vya ng'ambo, pwani hii imekuzoea. Mkonge wenyewe, uliokuja kuwa mali ya Tanga, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida, ikasalia hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Bahari ina ajali zake, na spea huweza kuchelewa pasipo hila ya mtu. Tangu mwisho wa mwaka 2023 meli nyingi zilizokuwa zikija huku kutoka Ulaya ziliacha njia ya Bahari ya Sham zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hatuwezi kumlaumu muuzaji kwa urefu wa bahari. Lakini je, muda wa kungoja, ni nani achukue mzigo wake? Swali hili tuliingia nalo Ushongo.

Njia ya kuingia kijijini ni ya udongo na mchanga. Tulifika karibu na Alasiri, na upepo wa bahari ukatupokea kama mwenyeji mkarimu. Ushongo una minazi mingi na mibuyu minene, na ngalawa zimepakiwa pwani juu ya mchanga mweupe. Mbele, baharini, kiko kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa wakitaga huko. Miti ikaisha, na kisiwa kikabaki fungu la mchanga ambalo hufunikwa maji yanapojaa. Vijana na wazee walipakua mizigo yetu kwa nyimbo, na baada ya swala tuliketi na fundi mmoja mzee achongaye ngalawa.

Tulimweleza habari ya lori. Alisikiliza, mkono wake ukiendelea kusokota pamba ya kukalafatia. Akauliza: "Huyo aliyeliuza, siku hizi zote za kungoja, amempa mwenzake nini?"

Tukasema: "Amempa maneno."

Akasema: "Mimi nikimchongea mtu ngalawa, ikavuja kabla ya mwaka, huja akanambia. Pengine sina mbao, au pamba, au mimi mwenyewe mgonjwa. Basi namwazima yangu akavulie, hata nitakapoitengeneza yake. Watoto wake hawali udhuru wangu."

Usiku ule hatukulala upesi. Tuliyakumbuka tuliyosoma katika fikihi, kuwa mnunuzi akikuta kasoro ambayo kitu kilikuwa nayo tangu kwa muuzaji ana khiyari ya kukirudisha. Haki hiyo huitwa khiyari ya aibu, na wanafunzi wetu huihifadhi mapema. Tukajiona tulivyokosa. Asubuhi ile Tanga, kijana alitupa habari ya dhuluma, nasi tukampa subira. Subira ni njema kwa mwenye kudai. Tukimfundisha yeye peke yake, tusiende kwa mwenye kudaiwa, tumekuwa mawakili wa mdaiwa bila ya kuajiriwa. Na kama gari lingekwenda hatua mbili zaidi pale Pangani, yule mama angelipa deni ambalo si lake.

Tuliporudi Tanga, tukisafiri alfajiri, tulimwendea tajiri wa lori. Si mtu mbaya, wala hatutaki wasomaji wamdhanie hivyo. Alikuwa amepiga simu mara nyingi, akaridhika na jibu. Hakujua khabari ya Pangani, maana dereva aliogopa kuonekana mvivu. Aliposikia aliinama kwa muda, kisha akasema: "Maalim, mimi hutembelea gari lenye baridi. Sikupata kulipanda lori langu mchana."

Tukamwuliza kama amepata kuandika barua. Hakuandika. Tukakaa naye, tukaandika: tarehe ya kununua, tarehe kasoro ilipoonekana, tarehe za fundi kuja, na yaliyotokea kivukoni. Tukaomba moja katika mawili: tarehe ya kufika kwa kompresa, au ruhusa kwa maandishi ya kumtumia fundi wa Tanga, kwa gharama ya muuzaji na bila ya dhamana kuvunjika. Tajiri akaweka nakala, akakusudia, asipojibiwa, kuipeleka Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni katika kazi zake. Na siku ile ile alibadili saa za kazi: lori liondoke baada ya swala ya Alfajiri, na kutoka saa sita hadi saa tisa liegeshwe kivulini, mshahara wa dereva usipungue.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja, likiwa na tarehe, na kompresa ikafika baada ya Idi. Ramadhani yote dereva aliendesha kwa saa zile mpya, akafunga salama.

Vijana mnaosoma habari hizi, mtanunua vitu vingi vyenye karatasi za dhamana: simu, friji, pikipiki, magari. Isomeni karatasi kabla ya kutoa fedha. Ulizeni spea ziko wapi, na fundi ni nani. Kasoro ikitokea, andikeni na kuweka nakala. Na mkiwa nyinyi ndio wauzaji au matajiri, kumbukeni ngalawa ya mzee wa Ushongo. Ahadi ni deni, na deni likikawia, riziki ya mwenye kudai isikawie pamoja nalo.

Sisi tulimwendea yule kijana tukamtaka radhi kwa subira yetu ya rahisi. Alicheka, akasema, "Umenisamehesha bure, Maalim." Lakini tulimwona amefurahi. Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza tunayoahidi. Amin.