Safari ya Kutazama Ngome za Wales

Katika nchi za kaskazini mwezi wa Oktoba ni mwezi wa miti kuvua nguo zake. Majani ya mialoni hugeuka rangi, yakawa manjano, kisha mekundu kama kutu, kisha hupukutika mabarabarani mpaka mfagiaji akachoka. Watalii wengi huwa wamekwisha kurudi makwao, na mtu apendaye kutazama mambo ya kale bila kusukumana hupata nafasi yake. Ndio mwezi aliouchagua mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Mombasa afanyaye kazi Liverpool, ili amtembeze baba yake. Mzee huyo, karani mstaafu, alikuwa amekuja Uingereza kwa miezi miwili kumwona mjukuu wake, mtoto wa kiume wa miaka minane.

Kumwona alimwona, lakini kuzungumza naye ilikuwa shida. Mtoto alijua Kiingereza tu. Si kwamba mzee hakijui Kiingereza, maana alikitumia ofisini kwa miaka zaidi ya 30. Bali husema kwamba hiyo ni lugha ya kumwandikia mkubwa wa kazi, si lugha ya kumpigia mjukuu hadithi. Binti yake alikuwa na sababu zake, nazo hakuzieleza. Jambo hilo lilitajwa mara moja mezani, halikutajwa tena, na asubuhi ya safari likaingia motokaani pamoja na mizigo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Chester, mji ulio mpakani mwa Uingereza na Wales, ambao Warumi waliuanzisha kuwa kambi ya askari katika karne ya kwanza baada ya Kristo, wakauita Deva. Kuta zake zimeuzunguka mji karibu wote, na mtu aweza kutembea juu yake kiasi cha maili 2. Maduka ya katikati ya mji yamejengwa kwa namna isiyoonekana penginepo: kuna safu ya maduka chini na safu nyingine juu yake yenye baraza ndefu iliyoezekwa, hata mvua ikinyesha wanunuzi hawalowi. Mzee alizipenda baraza hizo kuliko kuta, akasema zamkumbusha mitaa ya Mji wa Kale kwao. Lakini hawakukawia Chester.

Walipita pwani ya kaskazini, wakavuka daraja la kwenda kisiwa cha Anglesey, na alasiri wakafika Beaumaris. Hapa yafaa msomaji aelezwe asili ya ngome hizi. Mpaka karne ya 13 sehemu ya kaskazini ya Wales ilikuwa na watawala wake wenyewe. Mkuu wao wa mwisho, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa vitani mwezi wa Desemba 1282. Ndugu yake Dafydd akakamatwa na kuuawa mwaka uliofuata. Ndipo Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akaamua kuizungushia nchi hiyo ngome za mawe, kama mtu afungaye mzigo kwa kamba, ili isimponyoke. Kazi yote alimkabidhi fundi mkuu mgeni, James wa St George, ambaye alimleta kutoka Savoy, karibu na milima ya Alps. Yeye ajuaye Ngome ya Yesu ya Mombasa hatashangaa, kwa maana nayo ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya fundi wa Kitaliani. Washindi hawana haya ya kuazima akili za watu.

Beaumaris ilianzwa mwaka 1295, baada ya Wawelisi kuasi. Ni ukuta ndani ya ukuta, kila upande umelingana na mwenzake, na kuzunguka nje pana handaki la maji lililounganishwa na bahari ili merikebu zilete vyakula mpaka langoni. Watu wa kijiji cha Llanfaes, kilichokuwa karibu, walihamishwa wakapelekwa upande mwingine wa kisiwa, wakajengewa mji uitwao Newborough. Na baada ya taabu yote hiyo, ngome haikumalizika. Minara yake mpaka leo ni mifupi, kama meno yaliyokatika, kwa sababu fedha ziliisha na mfalme akageukia vita vya Scotland.

Jambo lililomkalisha mzee kitako hapo ni habari ya barua. Mwezi wa Februari 1296 fundi James, pamoja na karani wa kazi aliyeitwa Walter wa Winchester, waliwaandikia wakuu wa hazina ya mfalme kuwaeleza fedha zinakokwenda. Waliorodhesha mahitaji yao: waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi na maseremala 30, mikokoteni 100, magari 60 na mashua 30. Wakaongeza kwamba ujira wa watu umechelewa mno, na ni shida kuwazuia wasiondoke, maana hawana cha kula. Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Akamwambia binti yake, “Mwanangu, karani huyu namjua. Barua hiyo nimeiandika mimi mara nyingi, ila tarehe ndiyo iliyobadilika.” Mtoto akauliza babu anachekea nini, na mama yake akamfasiria kwa Kiingereza, lakini kichekesho kikifasiriwa huwa kama chai iliyopoa.

Siku ya pili waliamkia Caernarfon. Ukitazama mahali pa kujua nguvu za Edward zilikuwa za namna gani, usitafute pengine. Ngome yenyewe imesimama ukingoni mwa maji, minara yake haikufanywa mviringo bali ina pembe nyingi, na kuta zake zimepambwa kwa mistari ya mawe ya rangi mbalimbali. Wataalamu wengi husema mfalme alitaka zifanane na kuta za Constantinople, mji wa makaisari. Hapo alizaliwa mwanawe mwezi wa Aprili 1284, ambaye mwaka 1301 alipewa cheo cha Mkuu wa Wales. Na hapo ndipo Charles, mwana wa Malkia Elizabeth, alipovishwa taji la cheo hicho hicho tarehe 1 Julai 1969. Wawelisi wengine walishangilia siku hiyo, na wengine walikasirika.

Mji uliojengwa chini ya ngome ulikuwa wa walowezi wa Kiingereza. Sheria za miaka ya 1401 na 1402, zilizotungwa wakati wa uasi wa Owain Glyndŵr, ziliwakataza Wawelisi kununua ardhi katika miji ya namna hii au kuchukua silaha ndani yake. Basi msomaji afikiri jinsi wasafiri wetu walivyostaajabu walipoingia duka la mikate karibu na lango. Mwuzaji aliwasalimu kwa lugha ambayo hawakuijua hata neno moja. Alipoona wamenyamaza ndipo akageuza Kiingereza, bila kuona haya wala kuomba radhi. Nje, watoto wa shule walikuwa wakikimbizana chini ya kuta za Edward, wakipiga kelele kwa lugha hiyo hiyo. Mtoto aliwatazama sana. Akamvuta babu yake mkono, akamwuliza watoto wale wanasema nini.

Mzee hakuweza kumjibu, lakini alikuwa amenunua kitabu kidogo, na usiku ule katika nyumba ya wageni alikisoma. Akaona kwamba kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, katika wilaya hiyo ya Gwynedd watu 64 katika kila 100 husema Kiwelisi, ingawa katika Wales nzima hawafiki 18 katika 100. Akaona kwamba Biblia ilitiwa katika lugha hiyo mwaka 1588, nayo ikaishika isipotee, kwa kuwa wakulima walijifunza kusoma kwayo. Kisha akafika mahali palipoeleza habari za shule za karne ya 19. Katika baadhi ya shule hizo mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha mbao chenye herufi mbili, W na N. Aliyevikwa alisubiri mpaka amsikie mwenzake akiteleza, ampe yeye. Na yule ambaye kipande kilimwangukia jioni ndiye aliyeadhibiwa.

Mzee aliufunga ukurasa kwa kidole. “Kipande hiki nilikivaa,” akamwambia binti yake. “Sisi tulikiita diski. Nilisema ‘nipishe’ mlangoni, basi.”

Binti yake alikuwa akikunja nguo za mtoto, aliyekwisha lala. “Mimi pia nilikivaa, Baba.”

“Wewe? Lini?”

“Darasa la nne. Nilikaa nacho siku mbili.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungesema mwalimu ana haki.”

Mzee alinyamaza, kwa maana ndivyo angalivyosema. Wazazi wa siku zile, hasa wale walioajiriwa serikalini, waliona Kiingereza ndiyo ngazi, na ngazi haiulizwi imetengenezwa kwa mti gani. Binti akaendelea kukunja nguo. Alisema kwamba alipojifungua Liverpool aliapa mwanawe hatateleza mlangoni wala popote. Na njia ya kutoteleza ni kutokuwa na lugha ya pili ya kuteleza nayo. Mazungumzo yao yaliishia hapo usiku huo.

Asubuhi mvua ilinyesha. Walipita chini ya mlima Yr Wyddfa, wakaona mnara wa Dolbadarn juu ya ziwa, uliojengwa na Wawelisi wenyewe kabla ya Edward, naye akaamuru mbao zake zing'olewe zikatumike Caernarfon. Mkulima angefurahi kutazama kondoo wa milimani humo zaidi ya mawe. Vuli ndiyo majira ya kuwaingiza kondoo dume kundini. Wafugaji humpaka dume rangi kifuani, naye akimpanda jike humwachia alama mgongoni. Hivyo mwenye mali hutembea na daftari akijua nani amepandwa na nani bado, na kwa kuwa mimba ya kondoo ni karibu miezi mitano, ajua pia atazaa lini. Mzee alimwambia dereva, yaani binti yake, asimamishe motokaa, akawahesabu wenye alama za buluu. Ni hesabu nzuri, haihitaji karatasi.

Ngome ya Harlech waliitazama upesi kwa sababu ya upepo. Imekaa juu ya mwamba, na zamani bahari ilifika chini yake. Ngazi ya vidato 108 iliteremka mpaka majini, na kwa njia hiyo waliozingirwa walipata chakula. Owain Glyndŵr aliitwaa mwaka 1404, akaifanya makao yake, Waingereza wakaichukua tena mwaka 1409. Siku hizi bahari imesogea mbali, imeacha mchanga na majani. Kisha wakarudi kaskazini kupitia Blaenau Ffestiniog, mji uliozungukwa na vilima vya mabaki ya mawe meusi ya kuezekea nyumba, ambavyo katika mvua hung'aa kama mgongo wa papa.

Walifika Conwy saa tisa, na jua likatoka. Ngome hii na kuta za mji zilijengwa kati ya mwaka 1283 na 1287, zikagharimu kiasi cha pauni 15,000 za wakati huo. Wawelisi waliitwaa siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1401, askari walipokuwa kanisani. Husemwa kwamba waliingia kwa kujifanya maseremala. Mtoto aliipenda habari hiyo, akataka kujua ngome iitwaje kwa lugha ya babu. Alipoambiwa akaisema mara tatu, ng ikimshinda mara mbili.

Kuta za mji zina minara 21. Wakapanda kuzitembelea, babu mbele, mtoto nyuma yake, mama mwisho akishika mfuko wa mikate. Chini kulikuwa na mapaa ya nyumba, moshi, mto Conwy na mashua zilizolala matopeni kwa maji kupwa. Mzee aligusa mnara wa kwanza kwa fimbo akasema, “Moja.” Wa pili akasema, “Mbili.” Kufikia wa nne mtoto alikuwa akimfuatisha, na kufikia wa tisa alijaribu kumtangulia. Mahali pengine njia ya juu imekatika, ikawabidi washuke barabarani na kupanda tena, lakini hawakupoteza hesabu. Baada ya kumi mtoto akasimama, maana hakujua linalofuata, na babu alikuwa amegeuka kutazama mto.

“Kumi na moja,” mama yake akasema kutoka nyuma.

Mtoto akageuka kumtazama kama aliyesikia mtu mwingine akisema. “Kumi na moja,” akarudia. Akaugusa ukuta, akaenda mbele.