Jina la mtoto kwa karani wa tribinali



Sheria ya nchi yetu inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, ni lazima tribinali itoe hukumu kwanza. Wajane wengi wa mashirika yetu waliipata hukumu hiyo, kisha vita vikawakimbiza na karatasi ikapotea njiani. Sasa wanajiwa na watu wanaouza karatasi za uongo.

Tuwasihi wasizipokee. Kilichopotea ni nakala. Hukumu yenyewe hutunzwa na karani wa tribinali. Tumsaidie mama kuandika barua ya kuomba nakala nyingine: tribinali gani, mwaka gani, namba ya kesi ikijulikana, na majina kama yalivyoandikwa siku ile, hata kwa makosa. Tumsindikize, alipe kilicho halali na kudai risiti.

Maria na Yosefu walifunga safari hadi Betlehemu ili waandikwe. Mtoto mwenye jina la kununuliwa ataogopa kila mlango wa ofisi. Aliyebatizwa katika kweli, aandikwe pia katika kweli.

Tumsifu Yezu Kristu.