Mbaazi za Mtaa Wetu

Nilipokuwa mdogo Mombasa, sikumbuki mtu yeyote aliyesifu chakula cha Mombasa. Kulikuwa na mbaazi za mtaani kwetu Kibokoni na mbaazi za mitaa mingine, na hizo za mitaa mingine hazikuingia nyumbani. Mama mmoja alipika mbaazi tu. Mahamri yalikaangwa na mwengine, nyumba chache mbele, na kila asubuhi mtoto aliyetumwa alipita kote kuwili: bakuli lenye kifuniko kwa mbaazi, gazeti kuukuu kwa mahamri. Ukishawishika kwenda kununua mtaa wa Kuze kwa kuwa foleni ya huko ilikuwa fupi, mamangu alijua kwa kijiko cha kwanza, na ulirudishwa ukanunue pale panapojulikana. Kufika saa mbili sufuria ilikuwa tupu, na mlango umefungwa hadi kesho.

Asiyezijua mbaazi za nazi huenda akaona huu ni ugomvi wa bure. Lakini ni chakula chenye vitu vichache mno, na palipo na vitu vichache mkono wa mpishi haujifichi. Zinarowekwa usiku kucha, zinachemshwa mpaka zilainike bila kupasuka, kisha zinatiwa kitunguu, pilipili mbichi, manjano kidogo na tui jepesi. Tui zito, yaani kasimele, huingia mwisho. Hapo moto hupunguzwa na mwiko hauachwi, maana tui likichemka bila kukorogwa linakatika, na mbaazi za tui lililokatika hazina dawa. Mama wa kwetu aliziacha motoni muda mrefu baada ya kasimele, mpaka mchuzi ukashikana na mbaazi. Za Kuze zilikuwa na mchuzi mwepesi, pilipili nzima ikielea juu. Sisi tulisema za Kuze ni maji. Wao walisema zetu ni uji.

Mahamri nayo yalikuwa na kesi yake. Unga hukandwa jioni kwa tui, sukari, hamira na iliki, huachwa uumuke usiku, na alfajiri husukumwa na kukatwa pembetatu. Likiingia kwenye mafuta hamri linapaswa kuvimba na kuacha uwazi ndani, kwa sababu humo ndimo mbaazi zinamotiwa. Tulikuwa tukilipasua hamri la kwanza kabla hata ya kukaa, kulikagua.

Nilihamia Nairobi kikazi katikati ya miaka ya tisini, na huko ndiko mpaka wa mapenzi yangu ulikosogea. Ofisini kulikuwa na mwenzetu wa Kericho ambaye hakurudi kutoka kwao bila kibuyu cha maziwa ya mursik, na mwengine wa Kisumu aliyeamini kwamba samaki wa Nairobi si samaki. Mbele ya watu hao sikuweza kutetea mtaa mmoja wa Mji wa Kale. Nikatetea Mombasa yote, Kibokoni na Kuze na Majengo, hata Likoni ng'ambo ya kivuko, mahali ambapo nilikuwa sijawahi kununua hamri hata moja. Maandazi ya Nairobi, manene na yasiyo na nazi, yana wapenzi wake na yanashibisha vizuri asubuhi ya baridi. Mimi nilikuwa nikiyala nikiwaza Pwani.

Kwa hiyo chakula kilisafiri. Mamangu aligandisha mbaazi kwenye mkebe wa siagi, akauzungushia magazeti, akampa jamaa aliyepanda basi la usiku. Basi lilisimama Mtito Andei, katikati ya njia, na alfajiri nilikuwa River Road kupokea mzigo. Mara nyingine ulifika ungali na barafu. Mara nyingine tui lilikuwa limeanza kuchacha, na hapo hakuna la kufanya ila kumwaga. Ndiyo sababu watu wengi wa Pwani walibeba mabuyu na kripsi za muhogo, vitu vinavyostahimili safari. Naamini hilo limechangia sana kuamua ni chakula gani cha kwetu kilichopata jina bara: kile kisichoharibika. Mbaazi zilibaki siri yetu.

Mwaka 2017 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Treni mpya ilianza kubeba abiria, ikiunganisha Miritini na Syokimau kwa saa tano hivi, na mbaazi zilizopikwa alfajiri zikaweza kuliwa Nairobi siku hiyohiyo. Begi langu lilipangwa chini pamoja na mengine ili linuswe na mbwa wa ulinzi, kisha likaendelea na safari. Na mwishoni mwa Agosti mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Kenya nzima. Vile vipakiti vya nailoni vya mabuyu, vilivyofungwa fundo mkononi na mwuzaji, vikaanza kutoweka. Yakaja makopo yenye lebo, na kwenye lebo jina la Mombasa kwa herufi kubwa. Leo unayapata Nairobi kwenye maduka ya vituo vya mafuta. Nafurahi kuyaona, na huyanunua. Ila mengi yana utamu mmoja tu, ilhali mabuyu niliyokulia yalitofautiana kwa mwuzaji: huyu alizidisha pilipili, yule aliacha ukakasi wa buyu lenyewe usikike chini ya sukari. Lebo haiwezi kuniambia ni nani aliyekoroga sufuria.

Kilichoziingiza mbaazi Nairobi kwa kweli ni mwaka 2020. Tarehe 6 Aprili, kwa sababu ya korona, watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale, na njia hazikufunguliwa hadi Julai. Ramadhani yote ilipita ndani ya zuio hilo. Kina mama wa Pwani wanaoishi South C na Eastleigh walipika majumbani mwao na kupokea oda kwa WhatsApp. Futari ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu, na kafyu ilianza saa moja, kwa hiyo bodaboda alikuwa na dakika chache za kufikisha na kurudi kwake. Siku ya kwanza nilipofunua bakuli lililotoka South C, niliona mchuzi umeshikana na mbaazi kama za Kibokoni. Nikampigia mpishi simu kuuliza kwao ni wapi. Ni mama wa Machakos, aliyeolewa Mombasa na kufundishwa kupika na mavyaa wake.

"Mbaazi zenyewe ni zetu, kaka," akaniambia. "Nyinyi mliongeza nazi tu."

Ni kweli. Mbaazi nyingi za Kenya hulimwa Ukambani, Machakos, Makueni na Kitui, na treni yetu hupita karibu na mashamba hayo. Ngano ya mahamri nayo, nyingi huagizwa ng'ambo. Kilicho cha Pwani ni nazi, na kule kujua ni lini kasimele itiwe.

Mombasa kwenyewe milango imepungua. Mama wa Kibokoni aliacha kupika kwa uzee, na binti yake anafanya kazi bandarini. Nazi imepanda bei, na mbuzi ya kukunia imeachia mashine nafasi yake. Anayeuza mtaani sasa ni kijana mmoja, mbaazi na mahamri pamoja, kutwa nzima. Anapika vizuri, ingawa mkono wake si ule.

Nilizibeba mbaazi zake kwa treni hadi Nairobi kwa dada yangu. Watoto wake wamezaliwa huko. Mpwa wangu mkubwa alionja akaweka kijiko chini: "Mjomba, hizi ni nyepesi. Za South C ndizo." Mdogo wake akakataa: mbaazi ni za Eastleigh, za South C ni uji. Mabishano hayo huanza upya kila Jumamosi kabla ya oda kutumwa, na siyaingilii, kwa sababu kila mmoja ana hoja yake: mmoja anataka kasimele, mwengine anataka pilipili.