Sketi Nyeupe ya Angella

Sisi wanawake wa cherehani huku Ngara na Biharamulo tenisi hatuicheze, na namna wanavyohesabu pointi bado inatuchanganya. Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini! Lakini jina la Angella Okutoyi tunalitaja kila mama anapotuletea kitambaa cha sketi ya michezo ya binti yake.

Angella ni Mkenya, alizaliwa 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki kwa uzazi, bibi yao akabeba malezi. Julai 2022, akiwa na miaka 18, alishinda Wimbledon kule London, mchezo wa wawili wawili kwa wasichana, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Seti ya kwanza walifungwa 3-6, ya pili wakashinda 6-4, wakamalizia 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kubeba taji la Grand Slam kabla yake. Mwaka 2024 akaongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra.

Kenya nzima ilishangilia, na sisi majirani tukashangilia. Ila fundi ni fundi, macho yetu yalienda kwenye nguo. Wimbledon ni nyeupe tupu, na mwaka ule hata nguo ya ndani ilitakiwa iwe nyeupe. Mwanamke yeyote anajua hofu ya siku zile akiwa na nguo nyeupe mbele za watu! Wachezaji walilalamika, na Novemba 2022 waandaaji wakalegeza. Tangu 2023 wanawake wanaruhusiwa kaptula ya ndani ya rangi iliyokoza, mradi isizidi sketi kwa urefu.

Kwetu mchezo wa wasichana ni netiboli, na hofu ni hiyohiyo. Binti aliyekuwa wa kwanza kiwanjani anaanza kuumwa tumbo kila siku ya mechi. Mama anadhani ni uvivu. Wapendwa, muulizeni taratibu, tena mkiwa wawili tu.

Sisi siku hizi kila sketi ya michezo tunaishonea taiti fupi ya bluu iliyokoza, kitambaa kinachovutika, kiuno cha lastiki pana. Mwalimu mmoja alizirudisha, akasema sare ni sare. Tukamwambia Wimbledon wenyewe wameruhusu. Alicheka, akasema atazungumza na mkuu wa shule. Tunasubiri jibu, na taiti tumezikunja kabatini.