Barua kutoka Baltimore: Nani Alipie Vumbi?

Nawaandikia ninyi, wazee wangu na ndugu zangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, Tanzania. Huku Baltimore jua likishaanza kuchoma, mafundi hutanda kila mtaa. Huu ni mji wa nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, nyingi zina miaka mia na ushei, na mwenye nyumba anayetaka kupangisha au kuuza huanzia kwenye fremu za madirisha, ngazi na vizingiti, ambako rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka tangu enzi za babu yake. Tabaka za chini zina madini ya risasi. Rangi nyeupe ya zamani ya Marekani iliweza kuwa na risasi hadi nusu ya uzito wake ikishakauka. Ikikaa ukutani bila kubanduka, kwa kawaida haina neno. Ikipitiwa na msasa inageuka vumbi, na wa kwanza kulivuta vumbi hilo ni fundi. Ninachotaka kukidai katika barua hii ni kwamba kuzuia risasi isiingie kwenye kopo la rangi ni jambo moja, na kumlinda anayekwangua rangi iliyokwisha kupakwa ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili lina gharama yake, na gharama hiyo aibebe anayetoa kazi, iandikwe kwenye mchanganuo kabla fundi hajashika skrepa. Isipoandikwa hapo, fundi ndiye atakayeilipa kwa mwili wake.

Historia ya huku inaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoachana. Madhara ya risasi kwa wapaka rangi yalijulikana zamani mno. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumike kupaka ndani ya majengo. Baltimore yenyewe ilipiga marufuku rangi ya risasi ndani ya nyumba za kuishi mwaka 1951, na Marekani nzima ikafuata mwaka 1978. Mwaka huohuo wa 1978 serikali ikaweka kanuni ya kuwakinga wafanyakazi wa viwandani dhidi ya risasi, ila kazi za ujenzi zikaachwa nje. Hoja ilikuwa kwamba fundi wa ujenzi leo yuko hapa kesho yuko kule, kazi zake ni za siku chache, na kumpima na kumfuatilia ni shida. Basi aliyekaa kiwandani akalindwa, na anayehamahama na ndoo yake akasubiri hadi mwaka 1993 ndipo kanuni ya ujenzi ilipotoka. Kanuni inayohusu hasa ukarabati wa nyumba za zamani ilianza kufanya kazi Aprili 2010, miaka 32 baada ya kopo kupigwa marufuku. Kwa miaka yote hiyo rangi mpya ilikuwa salama madukani, na mafundi waliendelea kumeza ile ya zamani.

Kanuni hiyo ya 2010, ukiisoma, haina miujiza. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, kazi ikizidi kipande kidogo cha ukuta, lazima isimamiwe na mtu aliyepata mafunzo, na mafunzo yenyewe ni ya saa nane tu. Sakafu hutandikwa plastiki na kugandishwa kwa utepe pembeni, milango huzibwa, na kwenye mafunzo mafundi hufundishwa kulowanisha rangi kabla ya kuikwangua. Kuchoma rangi kwa moto wa wazi ni marufuku, na mashine ya kusugulia isiyo na kifyonza vumbi cha chujio maalumu hairuhusiwi. Mwisho wa kazi sakafu hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hulinganishwa na kadi ya rangi kuona kama bado kina uchafu. Hata hivyo msije mkadhani huku ni peponi. Kanuni haimgusi mtu anayekarabati nyumba anayoishi mwenyewe. Wakaguzi ni wachache kuliko nyumba, na vibarua wengi ni wahamiaji wanaookotwa asubuhi nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi, wasiojua kusoma karatasi ya Kiingereza na wasiothubutu kuuliza. Daraja la Francis Scott Key la hapa Baltimore lilipogongwa na meli na kuanguka Machi 2024, watu sita waliokufa walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara usiku, wote wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Ukitaka kujua nani anakarabati nchi hii, anzia hapo.

Pamoja na udhaifu huo, kuna mahali kanuni ilipouma kweli, na pana funzo. Desemba 2020 kampuni ya Home Depot, inayouza vifaa vya ujenzi na kuwatafutia wateja mafundi wa ukarabati, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 20.75 kwa sababu mafundi iliowapa kazi hawakufuata kanuni za rangi ya risasi. Angalieni aliyelipa. Fundi mwenye gari bovu na mke mjamzito hakuguswa. Aliyetoka mfukoni ni yule aliyepokea pesa ya mteja na kugawa kazi. Ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha bei na masharti. Fundi mmojammoja akisema atatandika plastiki na kulowanisha kila ubao, atachukua siku mbili zaidi, na kazi itakwenda kwa mwenzake wa bora liende.

Sasa nirudi nyumbani. Kwenye kopo tumepiga hatua. Viwango vya rangi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaweka ukomo wa sehemu 90 za risasi katika milioni, sawa na Marekani ya leo. Haikuja bure: shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, lilinunua makopo madukani na kuyapima zaidi ya mara moja, na likakuta rangi za mafuta zilizopita kiwango kwa mbali. Rangi za maji kwa kawaida hazina tatizo hilo. Tatizo liko kwenye rangi za mafuta, hasa zile kali za njano, nyekundu na kijani, kwa kuwa wekundu na unjano wake ulitokana na mchanganyiko wa risasi na kromiamu. Sheria inayozuia kopo jipya haifiki kwenye rangi iliyopakwa miaka ishirini iliyopita.

Kuna atakayesema Kilindoni si Baltimore, nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine za udongo na makuti, hiyo risasi itoke wapi? Kuhusu kuta ana haki. Lakini rangi ya mafuta kwetu haipakwi ukuta mzima. Iko kwenye milango na madirisha, grili, vitanda vya chuma vya zahanati, madawati, na ule mkanda wa chini wa ukuta wa darasa unaopakwa mafuta ili usichafuke haraka. Hivyo ndivyo vitu vinavyokwanguliwa kila shule inapokarabatiwa, tena kwa msasa mkavu au brashi ya waya, mara nyingi likizo ikiwa imebakiza siku chache. Kisha kuna sumu nyingine zinazopita bila kutazamwa. Mapaa ya asbesto bado yapo kwenye majengo ya umma ya zamani nchini, na nyuzi zake huruka bati linapovunjwa kwa nyundo. Ugonjwa wake unaweza kuchukua miaka thelathini au zaidi kujitokeza. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani huwa mara nyingi na shaba, kromiamu na aseniki; vipande vinavyobaki hubebwa nyumbani vikawashe jiko, na majivu yake yana aseniki. Fundi anayekata zege au vigae kwa grenda hupumua vumbi la silika. Orodha ni ndefu, lakini karibu yote huingia kwa njia ileile, vumbi na moshi, na kwa hiyo kinga yake nayo inafanana.

Pingamizi zito zaidi ni hili: hatujaona mtu aliyekufa kwa rangi. Kweli hatujaona, na sababu ni kwamba hatujatazama. Risasi mwilini huja na tumbo kusokota, choo kigumu, kichwa kuuma, uchovu, presha kupanda, figo kuchoka. Fundi mwenye dalili hizo atapimwa malaria, atapewa dawa za tumbo, atarudi kazini. Zahanati haipimi risasi kwenye damu, na kisichopimwa hakiingii kwenye daftari la mganga. Madini haya hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na kwa mwanamke hutoka tena akiwa na mimba. Fundi huyapeleka nyumbani kwenye shati na nywele, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya anachokimeza kuliko wa mtu mzima, mara nne hadi tano. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Wala si habari ya Ulaya na Marekani peke yake. Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kilizungukwa na moshi wa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi kwenye damu, na yeye ndiye aliyeanzisha madai. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wanakijiji shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikatengua, na Mahakama ya Juu ikarudisha haki yao Desemba 2024. Huko nako ukweli ulijulikana damu ilipopimwa. Ajali ya kuonekana tunaijua kuihesabu: sehemu ya jumba la kihistoria la Beit el Ajaib ilipoporomoka Unguja tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, nchi nzima ilisikia kwamba watu wawili wamefariki. Vumbi haliporomoki kwa kishindo, na fundi anayekufa kwa figo akiwa na miaka hamsini huandikwa amekufa kwa maradhi ya kawaida.

Wengine watasema sheria tunazo. Ni kweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Lakini sheria hizo zinamwona mwajiri aliyesajiliwa na mfanyakazi mwenye mkataba. Fundi rangi na saidia fundi wake, wanaolipwa jioni na kuachana hapo, wako mahali palepale ambapo mafundi wa Marekani waliachwa mwaka 1978. Tukisubiri mkaguzi avuke bahari kutoka bara kuja kuwatafuta kwenye kila ua, tutasubiri sana.

Ndiyo maana naona mlango ulio wazi zaidi ni Force Akaunti. Ukarabati mwingi wa shule na zahanati za umma sasa unapita huko: kamati inanunua vifaa, fundi wa hapohapo anaingia mkataba wa ufundi. Mchanganuo unaandika saruji, misumari, rangi, tina, hata brashi. Ndani yake hakuna turubai la kutandika, hakuna barakoa ya chujio, hakuna sabuni, hakuna ndoo ya pili. Kamati ikiandika mistari hiyo minne, na ikaongeza sharti kwamba rangi ya zamani ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa na isichomwe, imefanya sehemu kubwa ya kile Marekani ilichochelewa kukifanya, tena bila sheria mpya. Barakoa iwe ile ya chujio inayobana uso. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hili. Kuhusu gharama, nakubali kwamba pesa ya ukarabati haitoshi hata bila nyongeza. Ila kinga kuu hapa ni maji, na kinachoongezeka zaidi ni muda wa fundi. Muda huo lazima ulipwe kwenye bei ya ufundi, vinginevyo ndoo itakaa pembeni imejaa na msasa utapigwa mkavu. Kamati ya mapokezi, ambayo inahesabu mifuko ya saruji, inaweza pia kuthibitisha kwamba barakoa zilifika na kwamba vumbi lilikusanywa likafungwa, halikufagiliwa uwanjani watoto wanakochezea.

Kinachonisumbua ni mashua, kwa kuwa hapo Force Akaunti haifiki. Mashua ikikokotwa pwani maji yakitoka, hukwanguliwa ubavu mzima, na rangi inayodondoka mchangani ni hiyohiyo ya mafuta, njano na nyekundu. Karibu na hapo wapo wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye sufuria ili wasubu chubwi za nyavu na mishipi, na moshi wake ni mbaya kuliko vumbi lolote la mlango. Mwenye chombo ndiye mtoa kazi, lakini naye mara nyingi ni mvuvi anayedaiwa, huwezi kumlinganisha na Home Depot. Nionavyo, BMU ya Kilindoni, yaani kamati ya usimamizi wa ufukwe, ingeweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi: kutenga sehemu ya ufukwe ya kukwangulia vyombo, mbali na panapoteremshwa samaki, na kukataza betri zisiyeyushwe karibu na nyumba wala jikoni. Walio kwenye kamati wananijua. Wakiona hili halitekelezeki, waniandikie kwa nini.

Wasalaam,
ndugu yenu wa Baltimore.